Kolwezi: Desharje ya timu haimponyi mtoto, na mbele ya parke haina nguvu

Katika mitaa ya Dilala na Manika, mtoto akitaka kuingia timu ya mpira, mzazi wake huletewa karatasi. Timu nyingine huiita desharje, nyingine huiita ruhusa ya mzazi. Maneno yake ni yale yale: mzazi anakubali mtoto afanye mazoezi, na jambo lolote likimpata kiwanjani, timu, kocha na komite hawatahusika. Chini kuna nafasi ya sahihi. Mama asiyejua kusoma hutia kidole.

Kule familia zilizohamishwa na migodi zilikotua, sahihi hiyo hupatikana haraka zaidi. Mzazi ni mgeni. Hajamzoea chefu wa mtaa, hataki kuonekana mgomvi, na mtoto ameacha marafiki wote kule nyumba zilikobomolewa. Timu ndiyo kitu cha kwanza kinachompa mtoto jina mahali papya. Mama atasaini karatasi yoyote.

Karatasi hiyo ni udanganyifu. Pengine aliyeichapa hajui kwamba anadanganya. Aliinakili kwa timu nyingine, nayo iliinakili kwa shule fulani. Kutojua kwake hakubadilishi kitu. Desharje inamfanya mzazi aamini kwamba ameuza haki yake, na inamfanya kocha aamini kwamba ameshapona. Wote wawili wanarudi nyumbani na amani ya bure. Kiwanja kinabaki vile vile: hakuna sanduku la dawa, hakuna namba ya ambulansi, hakuna hata mtu mmoja aliyefundishwa la kufanya moyo wa mtoto ukisimama.

Sheria ya Kongo haikuficha maneno juu ya jambo hili. Kanuni ya adhabu, dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inasema katika kifungu cha 52 kwamba mwenye kosa la kuua au kujeruhi bila kukusudia ni yule aliyeleta ubaya kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, hata kama hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Kifungu cha 53 kinaweka adhabu pale mtu anapokufa: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kinachofuata, cha 54, ni cha majeruhi. Na kesi ya namna hiyo si mali ya mzazi, ni ya Leta. Parke inaweza kufungua faili hata kama baba na mama wamesamehe, jeneza limelipwa na komite, na watu wote wamekaa kwenye kilio pamoja. Sahihi ambayo mzazi aliitoa mwezi wa tisa haiwezi kumfunga mikono mwendesha mashitaka wa Jamhuri mwezi wa pili.

Upande wa fidia kuna dekreti ya zamani zaidi, ya tarehe 30 Julai 1888, ile ambayo mawakili huiita kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia. Kifungu cha 258: mtu akimletea mwingine hasara kwa kosa lake, lazima ailipe. Cha 259 kinaongeza kwamba mtu hajibu kwa matendo yake tu, anajibu pia kwa uzembe wake na kutojali kwake. Halafu kinakuja cha 260, na hicho ndicho ambacho wakubwa wa timu wangependa wazazi wasikisikie: anayempa mtu kazi anajibu kwa hasara ambayo mtu huyo ataleta akiwa katika kazi hiyo. Kwa hiyo kosa la kocha halimwishii kocha. Linapanda kwa aliyemweka pale.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Wengi husema kifungu cha 260 kinamtaja mwalimu, basi mwalimu wa michezo anajibu moja kwa moja kwa mtoto aliyeumia. Sivyo kilivyoandikwa. Kinamtaja mwalimu kwa hasara ambayo wanafunzi wake wanaileta kwa wengine wakiwa chini ya ulinzi wake. Mwanafunzi mwenyewe akiumia, mzazi anarudi kwenye 258 na 259, na lazima aonyeshe kosa liko wapi: nani alipaswa kuona mbele, na hakuona nini. Ndiyo maana mpango wa dharura una maana kubwa mbele ya hakimu. Ukiwepo, unaonyesha kwamba watu walijali. Usipokuwepo, kutokuwepo kwake ndiko kunakosema.

Na kuna kifungu cha 66ter cha kanuni ya adhabu, kinachomgusa hata mtazamaji: ni kosa kukataa kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini wakati mtu angeweza kumsaidia bila kujihatarisha. Wale wanaotoa simu na kuanza kupiga filamu mtoto akiwa chini wangefanya vizuri kukikumbuka.

Timu nyingi za mtaa zinafikiri zimejificha kwa kuwa hazina hati. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida inatoa njia ya kujiandikisha, lakini ni wachache wanaoifuata, na wanaona wamekwepa gharama. Wamejitega wenyewe. Timu isiyo na hati haiwezi kuitwa tribinalini kama timu. Wataitwa watu, kwa majina yao: prezida, katibu, kocha, kila mmoja na nyumba yake na pikipiki yake.

Lakini parke huja baada ya msiba. Kinachohitaji kuzungumzwa zaidi ni dakika tano za kwanza, pale mtoto anapoanguka na hakuna aliyemgusa.

Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyehamia Uingereza akiwa mtoto, alikuwa akiichezea Bolton kule London dhidi ya Tottenham. Kabla ya mapumziko alianguka kifudifudi peke yake, hakuna aliyemsukuma. Moyo ulikuwa umesimama. Waganga wa timu zote mbili walimkimbilia, na daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kutazama mpira tu, alishuka kutoka kwa watazamaji kuwasaidia. Walimkandamiza kifua, wakampiga mshtuko wa umeme kwa kifaa kilichokuwa uwanjani, wakaendelea ndani ya ambulansi na hospitalini. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Muamba yuko hai mpaka leo. Hakurudi tena kucheza, lakini amelea watoto wake.

Miaka 9 kabla yake, tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka vile vile kule Lyon, Ufaransa, katika mechi dhidi ya Colombia. Waganga walihangaika naye kwa dakika kama 45, akafa. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa moyo uliojificha. Tangu hapo mpira wa dunia ulianza kuuliza maswali ambayo haukuwa ukiuliza: nani amekaa pembeni ya kiwanja, ana nini mkononi, ameshafanya mazoezi ya siku hiyo au anasoma maagizo wakati mtu anakufa? Mwaka 2013 FIFA ilitangaza kuwapa mashirikisho yake yote 209 mfuko wa dharura wenye kifaa cha kushtua moyo. FECOFA ni moja ya hayo 209. Kati ya mfuko mmoja wa shirikisho na kiwanja cha vumbi cha Luilu au Kapata kuna safari ndefu kuliko ile ya ndege kutoka Kinshasa.

Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila mtu kukandamiza kifua na bila mshtuko wa umeme inapunguza nafasi ya kupona kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Baada ya dakika kumi hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Ambulansi yoyote mjini Kolwezi, hata ikiitwa mara moja, hata kama haikukuta malori ya madini yamefunga barabara, haitafika ndani ya muda huo kwenye mitaa mingi. Kwa hiyo anayeokoa ni yule aliye tayari kiwanjani, kocha au kapita wa timu au kaka anayeuza maji pembeni.

Kinachofanyika sasa kila mtu wa Kolwezi amekiona. Mtoto anaanguka, mwili unatetemeka kidogo, anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma. Mtu mmoja anapaza sauti: kifafa! Wengine wanarudi nyuma kwa sababu wanaogopa kuambukizwa, ingawa kifafa hakiambukizi. Mwingine anatafuta kijiko cha kumwekea mdomoni. Mwingine anammwagia maji. Kisha anapakiwa katikati ya taksi-moto, dereva mbele na mtu nyuma akimshikilia, kichwa kikining'inia, kuelekea Mwangeji au kituo cha afya cha karibu. Hakuna mkono hata mmoja uliogusa kifua chake njia nzima.

Kutetemeka kule mara nyingi si kifafa. Moyo unaposimama ghafla, mwili unaweza kutikisika kwa sekunde chache, na ile pumzi ya kukoroma si pumzi. Mchezaji akianguka bila kugongwa, akawa hajibu anapoitwa na hapumui sawasawa, achukuliwe kuwa moyo umesimama mpaka ijulikane vingine. Alazwe chali pale pale, mahali pagumu. Mtu apige magoti pembeni yake, aweke mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu kiasi cha sentimeta 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na asiache. Akichoka, mwingine ashike nafasi. Wakati huo huo mwingine awe anapiga simu, na mwingine amekwenda barabarani kuonyesha gari njia. Hakuna kijiko. Hakuna maji. Kazi hiyo inafundishwa kwa saa chache, na Msalaba Mwekundu umekuwa ukiifundisha nchi mbalimbali kwa miaka mingi.

Hakuna anayekataza watu kuomba. Waombe huku mikono ikiwa kifuani mwa mtoto.

Radi ndiyo hatari nyingine inayopakwa rangi ya uchawi. Oktoba 1998, gazeti L'Avenir la Kinshasa liliandika habari iliyozunguka dunia nzima: kule Bena Tshadi, Kasai, radi ilipiga kiwanja katikati ya mechi, wachezaji 11 wa timu moja wakafa, na wale wa timu nyingine wakabaki wazima. Familia nyingi za Kolwezi zina asili ya Kasai na bado zinaisimulia. Mazungumzo yote yalikuwa ni nani aliyeituma. Swali lingine halikuulizwa: kwa nini watu walikuwa bado kiwanjani wakati mawingu yameshafunga na ngurumo inasikika?

Lualaba inapata mvua kuanzia Oktoba mpaka Aprili, na dhoruba zake hupenda alasiri. Watoto wanatoka masomo mchana, wanaanza mazoezi saa tisa au saa kumi. Ni saa ile ile. Kanuni ni nyepesi, mtoto wa miaka kumi anaishika. Mwanga wa radi ukionekana, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Zikiwa 30 au chini, radi iko ndani ya kilomita kama 10, na mazoezi yanakwisha hapo. Watu waingie ndani ya nyumba ya kweli au ndani ya gari lililofungwa, wasikimbilie chini ya mwembe. Wasirudi kiwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Baba ya watoto wengi hawa anaijua kanuni hiyo kuliko waandishi wote wa habari. Anafanya kazi mgodini. Katika migodi mikubwa ya ukanda huu, radi ikikaribia kazi ya nje husimama, hasa pale baruti zilipo, na watu huondoka shimoni. Mgeni hapiti getini bila kofia ngumu na bila kuonyeshwa mahali pa kukusanyikia. Kuna watu waliofundishwa huduma ya kwanza katika kila zamu. Hivyo ndani ya ua wa kompanyi mtu analindwa na kanuni, na hatua mia tano nje ya ua, mtoto wa mtu huyo huyo anafanya mazoezi na jezi yenye jina la kompanyi mgongoni, bila hata filimbi ya kusimamisha mchezo radi ikianza.

Kuhusu joto, mfano bora uko mbali, lakini unafaa kusimuliwa kwa sababu unaunganisha dakika za kwanza na tribinali. Tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19, alikuwa katika mazoezi ya kukimbia katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Joto la mwili likampanda. Hakuzamishwa katika maji ya baridi, jambo ambalo ndilo tiba ya kwanza, na ilipita zaidi ya saa moja kabla hajaondoka kwa ambulansi. Alikufa tarehe 13 Juni. Mwezi wa nane mkuu wa chuo alisimama mbele ya watu akasema chuo kinakubali wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Kocha mkuu alifukuzwa mwaka huo huo, na mwaka 2021 familia ilikubaliwa fidia ya dola milioni 3.5. Chuo kile kilikuwa na waganga, bajeti na majengo. Kilichokosekana ni beseni la maji lililowekwa tayari na mtu mwenye amri ya kusema basi, mazoezi yamekwisha.

Kolwezi iko juu, baridi ya asubuhi inadanganya watu, lakini Septemba na Oktoba kabla mvua haijakamata jua linachoma. Makocha wengine bado wanawanyima watoto maji wakati wa mazoezi ili "wakomae". Huko si kukomaza. Kama mtoto akifa kwa hilo, kifungu cha 52 kinamsubiri aliyeficha ndoo.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walitangaza kwamba kule Kasulo, kobalti ilikuwa nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa watu, na watoto walikuwa na kiasi kikubwa kuliko wakubwa. Utafiti ule haukusema kwamba mioyo ya watoto imeharibika, na hakuna anayepaswa kuwatisha wazazi kwa hilo. Lakini inatosha kumfanya kocha amuulize mzazi maswali matatu kabla ya kumpa mtoto jezi: anabanwa na kifua? Ameshawahi kuzimia akikimbia? Kuna ndugu katika familia aliyekufa ghafla angali kijana? Desharje haina hata swali moja la namna hiyo. Inajali jina la mzazi na tarehe.

Sasa nani alipe? Hapo ndipo hasira inapaswa kuelekezwa vizuri.

Kocha wa mtaa mara nyingi halipwi. Asubuhi anachimba au anauza vifaa vya simu, jioni anafundisha watoto arobaini kwa mipira miwili. Msiba ukitokea, ndiye polisi wanayemkuta kiwanjani, ndiye anayelala kasho, na vijana ndio wanaomtafuta kwa mawe. Prezida aliyepigwa picha na jezi mpya anazima simu. Mheshimiwa aliyetoa kombe kabla ya uchaguzi hajulikani alipo. Kompanyi iliyochapisha jina lake kwenye jezi inasema ilitoa zawadi tu. Kumfunga kocha peke yake na kuwaacha hao wengine ni kuhesabu deni kwa mtu asiye na makuta. Anayeendesha timu ndiye wa kuwa na mpango wa dharura na bima. Ofisi ya elimu ya jimbo inayoandaa mashindano ya masomo ndiyo ya kuweka muuguzi pembeni. Komuni inayotoza makuta ya kiwanja ndiyo ya kuhakikisha gari linaweza kuingia.

Na migodi ina deni lake, tena limeandikwa. Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliyobadilisha kanuni ya migodi inaitaka kila kompanyi inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Sheria ile ile inazipa komuni, sekta na uchefu wa karibu asilimia 15 ya ushuru wa madini. Kwa bei ya shaba na kobalti, hizo si sarafu za mfukoni. Kifaa cha kushtua moyo kinauzwa kwa zaidi ya dola elfu moja, kina betri yake, hakingojei umeme wa SNEL, na kinamwelekeza mtumiaji kwa sauti. Kimoja kwa kila kiwanja kikubwa cha Kolwezi kingekuwa ni sehemu ndogo ya bei ya lori moja la mgodi.

Familia zilizohamishwa zina hoja ya ziada. Amnesty International na IBGDH ya Kolwezi, katika ripoti ya Septemba 2023, walieleza jinsi wakaaji wa Cité Gécamines na sehemu nyingine walivyoondolewa ili mgodi upanuke. Mabishano mengi tangu hapo yamekuwa juu ya vyumba vingapi, milango mingapi, makuta kiasi gani kwa kila ukuta. Ni haki yao kubishana hivyo. Lakini mtaa wa zamani ulikuwa pia na kiwanja kilichozungukwa na nyumba, masomo karibu, hospitali ya kufikika kwa miguu, na jirani muuguzi aliyestaafu Gécamines. Kiwanja cha mtaa mpya kiko ukingoni mwa shimo au barabara ya malori, na njia yake ni mtaro mvua ikinyesha. Kiambatisho cha XVIII cha kanuni za migodi za 2018, kinachohusu kuhamisha jamii, hakikuishia kwenye matofali. Kinagusa pia huduma na maisha ya watu kule wanakopelekwa. Basi njia ya ambulansi mpaka kiwanjani iandikwe katika madai, pamoja na vyumba na milango.

Wapo wanaojibu kwamba mambo haya yakidaiwa sana timu zitakufa, na watoto watarudi kwenye mashimo ya kobalti. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Kila jioni ambayo kijana wa miaka 14 yuko kiwanjani ni jioni ambayo hayuko chini ya ardhi, na makocha wanaofanya kazi hiyo bure wanastahili heshima kuliko wengi wanaovaa kostimu. Ila tazameni kinachodaiwa. Sheria haimtaki kocha awe daktari, wala haimwahidi mzazi kwamba mtoto hatakufa kamwe. Inamtaka mtu aone mbele kile ambacho mtu mwenye busara angekiona. Watu wawili waliofundishwa kukandamiza kifua, ndoo ya maji na kikombe, sanduku lenye bendeji, namba tatu za simu zilizoandikwa kwa rangi kwenye ukuta, mtu mwenye neno la mwisho juu ya radi, na njia ambayo gari linapita. Karibu vyote hivyo vinagharimu chini ya seti moja ya jezi. Timu inayopata makuta ya jezi na kukosa ya ndoo imechagua.

Mzazi ambaye ameshasaini asikae na hofu kwamba amepoteza haki yake. Aombe nakala ya karatasi na aitunze. Mtoto akiumia, aandike siku ile ile saa aliyoanguka, saa simu ilipopigwa, nani alikuwepo, na aombe karatasi ya muganga. Asiye na makuta ya kulipa avoka aulize baro ofisi ya ushauri wa bure iko wapi. Mawakili wana wajibu huo kisheria, si hisani.

Na mzazi ambaye hajasaini anaweza kugeuza karatasi upande wa pili na kuandika maswali yake: Nani hapa anajua kukandamiza kifua, na alifundishwa lini? Nani anasimamisha mazoezi radi ikikaribia? Gari linaingilia wapi? Bima ni ya nani? Prezida ajibu kwa maandishi na aweke sahihi yake yeye, halafu nakala moja ipelekwe ofisi ya komuni, ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.